Amana ya Uduvi Wekundu

Nguo nyekundu hufuliwa peke yake. Dobi alilijua hilo kabla hajajua kusoma, maana mama yake alikuwa dobi na bibi yake alikuwa dobi, na katika ukoo huo mtu aliweza kusamehewa uvivu, hata uongo mdogo mdogo, lakini si kutia shati jekundu kwenye beseni la mashuka meupe. Kwa hiyo alipoanza kufuga uduvi wa mapambo akachagua wekundu, akawapa tangi lao la kioo sebuleni, na akamwambia mumewe mapema, maji hayajatulia bado, kwamba mtu atakayechanganya chochote humo atamkamua kama blanketi.

Mumewe alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Uduvi hao si wa kuliwa. Mkubwa wao hazidi pingili mbili za kidole, na kazi yao ni kutembea kutwa juu ya mawe na majani wakidonoa vitu ambavyo jicho la mtu halivioni. Dobi aliwanunua wakiwa wekunduwekundu tu, mgongo umepauka, miguu kama kioo. Miaka sita akawa anawachambua. Kila watoto walipopata rangi, alivuta kigoda mbele ya tangi, akawasha tochi, akatazama mmoja mmoja. Mwenye doa, toka. Mwenye mgongo uliofifia, toka. Aliyekolea, baki. Waliotoka hawakuuawa, walihamia kwenye beseni la plastiki kibarazani, wakala mchicha wa kuchemsha kama wenzao na wakafa kwa uzee. Waliobaki wakazaana, na wekundu ukazidi kushuka, ukatoka mgongoni ukafika ubavuni, ukafika miguuni, mpaka hata masharubu yakawa mekundu. Wafugaji wengine walikuja kuwatazama, wakainama mbele ya kioo, wakanyamaza. Dobi aliupenda ukimya ule kuliko sifa. Mashuka aliyofua kila siku yalikuwa ya hoteli. Uduvi walikuwa wake.

Mumewe alikuwa fundi wa kupulizia magari rangi, na katika kuchanganya rangi hakuwa na mpinzani: ungempa kipande cha bati kutoka mlango wa gari kuukuu, naye angekuletea kopo lenye rangi ile ile, hata uchakavu wake. Ya uduvi hakuyajua. Aliwaita kitoweo. Mara ya kwanza kuona gamba tupu chini ya tangi, lile ambalo uduvi hujivua anapokua, alimfuata mkewe kazini na uso mzito kumpa pole ya msiba, na Dobi alicheka hadi pasi ikaunguza foronya. Tangu siku hiyo hakulisogelea tena tangi, na Dobi aliona ni heri.

Aliyeyajua mambo ya uduvi ni wifi yake. Mdogo wa kike wa mumewe alikuwa msusi, mwenye saluni yake, na alifuga uduvi wa buluu, buluu iliyokolea kama wino. Watu husema mawifi ni paka na panya; hawa wawili uduvi waliwapatanisha kabla hawajapata nafasi ya kugombana. Wao ndio walioanzisha utaratibu wa amana. Tangi zima linaweza kufa kwa siku moja, kwa dawa ya mbu, kwa sabuni kidogo iliyobaki mkononi, kwa umeme kukatika na pampu ya hewa kuzimika. Basi kila mmoja aliweka sehemu ya kizazi chake kwa mwenzake, kwenye tangi dogo la pembeni, ili kukiharibika huku mbegu ibaki kule. Buluu wa msusi walikaa sebuleni kwa Dobi. Wekundu wa Dobi walikaa chumba cha nyuma cha saluni. Mara kwa mara walibadilishana madume, mwekundu kwa mwekundu, buluu kwa buluu, damu isijirudie. Sharti lilikuwa moja: kila tangi na wavu wake, maana mtoto wa uduvi ni mdogo kuliko punje ya mchele, hunasa kwenye nyuzi za wavu na kuhamia kusikotakiwa.

Na amana ni amana. Hata mwizi mwenye akili huiogopa.

Halafu mama yake Dobi akateleza bafuni, akavunjika nyonga, na Dobi akasafiri kwenda kumuuguza. Aliporudi baada ya majuma kadhaa, amekonda, alikuta tangi safi, uduvi wazima, na majike kadhaa wamebeba mayai chini ya tumbo wakiyapepea kwa miguu. Alimshukuru mumewe kwa kuwalisha. Alimshukuru kwa dhati, akamshika na mkono, na baadaye shukrani hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko mengi.

Mayai yalianguliwa. Watoto wa uduvi huzaliwa bila rangi, kwa hiyo mwanzoni hakuna kazi ila subira. Wengine wakaanza kuwa wekundu kama kawaida. Wengine wakakawia. Dobi alidhani ni chakula, akabadilisha chakula. Alidhani ni maji, akaanza kuyalaza ndooni siku nzima ili dawa ya bomba itoke vizuri. Jioni moja, baada ya kazi, akavuta kigoda, akawasha tochi, na ndipo alipowaona sawasawa. Hawakuwa wamekawia. Rangi walikuwa nayo. Ilikuwa rangi ya tope, rangi ya maji ya kwanza ya kufulia ovaroli.

Alikaa pale na tochi mkononi, na hasira ikaanza kumpanda kutoka miguuni.

Kila mfugaji anajua maana ya tope lile. Mwekundu na buluu wakikutana, hakizaliwi kitu kizuri cha katikati. Watoto wanarudi nyuma, kwenye rangi ya mababu zao wa mtoni, rangi ya kujifichia. Na ubaya hauishii kwa wale waliotoka tope. Ndugu zao wanaoonekana wekundu safi wanaweza kuuficha ubuluu ndani, ukaja kutokea kwa wajukuu, na hakuna jicho la kuwatambua. Miaka sita ilikuwa imeingiwa na maji machafu, na kwa doa la namna hiyo hakuna sabuni.

Nani? Hilo ndilo swali alilokwenda nalo jikoni. Muda mfupi kabla ya safari, msusi alikuwa amemletea madume watatu wekundu kutoka tangi la amana. Pale nyumbani hakuna mtu wa kutia mkono tangini. Mumewe aliwarushia chakula tu, anaogopa hata magamba. Saluni, matangi mawili yalikaa rafu moja, wekundu na buluu bega kwa bega. Kama uchafu uliingia, uliingia kule, ukaja na madume. Na kama uliingia kule, basi hata amana yenyewe ilikuwa imekwisha kuoza.

"Dada yako," alimuuliza mumewe mezani, "anaweza kuwa amechanganya?"

Mumewe alitazama sahani. Akatazama tangi. Akatazama sahani tena.

"Huenda," alisema, akaomba chumvi.

Dobi akampa chumvi. Neno lile akalala nalo, akaamka nalo, akalipigia pasi asubuhi nzima.

Mchana alikwenda saluni na aproni yake ya kazi. Ilikuwa siku ya watu. Mmoja alikuwa chini ya mashine ya kukausha, watatu kwenye benchi, na kitini mama mmoja mnene ambaye kichwa chake nusu kilikuwa kimesukwa na nusu kimesimama. Dirishani palikuwa na tangi kubwa la samaki wa dhahabu, wanene pia, la kuwafurahisha wateja wanaosubiri. Msusi aliinua macho, akatabasamu.

"Wifi, karibu. Mama anaendeleaje?"

"Mama hajambo. Uduvi wangu ndio wamepatwa." Dobi hakukaa. "Watoto wametoka rangi ya tope. Hebu niambie, hiyo buluu wameipata wapi? Wameiazima kwa jirani?"

"Tope?" Msusi aliacha kusuka. "Mbona kwangu hakuna?"

Dobi alimpita, akaingia chumba cha nyuma. Matangi mawili yalikuwa pale kwenye rafu, na kati yake msumari, na kwenye msumari wavu mmoja, unatiririka maji. Aliung'oa akarudi nao mbele, akiuinua kila mtu aone.

"Matangi mawili, wavu mmoja."

"Nyavu ni mbili," msusi alisema. "Huo ni wa buluu, angalia uzi niliofunga kwenye mpini. Wa wekundu nimeuosha, umeanikwa nje."

"Mimi nimeona mmoja."

"Basi toka nje uone wa pili."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kamba ya kuanikia ilionekana kutoka pale aliposimama, kama angegeuza shingo tu. Mtu ambaye maisha yake yote ni kamba za kuanikia hakugeuza shingo. Hasira ikikolea haitaki ushahidi. Inataka watu wa kuisikiliza, na watu walikuwepo.

"Wewe ni mwongo," alisema Dobi, kwa sauti aliyozoea kuitumia kuyashinda makelele ya mashine za kufulia. "Nimekuwekea amana, umeichafua, na sasa unanidanganya mbele ya macho yangu. Mwongo. Na mtu asiyeweza kutunza uduvi wa mwenzake, sijui anatunzaje vichwa vya watu."

Mashine ya kukausha iliendelea kunguruma. Kitana cha msusi kilikuwa kimesimama hewani, na uso wake ukawa kama mlango uliofungwa.

Dobi alirudi chumba cha nyuma. Tangi la amana lilikuwa dogo, lakini lilijaa maji, na mwanamke mwingine asingeliinua; yeye alikuwa na mikono ya kubeba mashuka mabichi. Alilibeba kifuani likimwagikia aproni, akalifikisha dirishani, akaliinamisha juu ya tangi la samaki. Maji yakaanguka, majani yakaanguka, na uduvi wake wekundu, wekundu hadi masharubu, wakashuka polepole katikati ya samaki wa dhahabu kama pilipili zilizokatwakatwa. Samaki wakashangaa kidogo. Halafu wakafungua midomo.

Mtu mmoja kwenye benchi alisema "Jamani" kwa sauti ya chini.

"Umemaliza?" msusi aliuliza. Hakuwa amesogea kutoka nyuma ya kiti.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nirudishie amana yangu. Leo."

Mumewe alirudi jua bado lipo, kucha zina rangi ya fedha ya gari la mtu. Dobi alikuwa akikunja taulo, na taulo zilikuwa zikiipata hasira yake. Alizungumza bila kumtazama.

"Wale buluu, watie ndooni uwapeleke kwa dada yako. Amana imekwisha."

"Imekwishaje?"

Akamweleza. Alipofika kwenye samaki, mumewe alitafuta kiti, akakaa.

"Umewamwaga wote?"

"Wote."

"Mke wangu, ungesubiri kidogo. Ungesubiri kidogo tu wapate rangi."

"Rangi wameshapata. Tope."

"Ile siyo rangi," mumewe alisema, kwa upole, sauti ya fundi anayemtuliza mteja. "Ile ni praima."

Dobi akageuka.

Na yeye, Mungu amsamehe maana wengine bado, akaeleza. Alipobaki peke yake, jioni zilikuwa ndefu. Aliwalisha uduvi kama alivyoagizwa, kisha akakaa kuwatazama. Wekundu huku, buluu huku. Mtu aliyechanganya rangi tangu ujana wake hawezi kukaa kati ya makopo mawili yaliyo wazi mikono ikatulia. Nyekundu na buluu ni zambarau. Hilo hata mwanagenzi analijua. Na nani hapa mjini ana uduvi wa zambarau? Hakuna. Basi akamchota dume mmoja wa buluu kwa kijiko cha chai, akamtia kwa wekundu, akamwacha huko, na kabla mkewe hajarudi akamsaka mpaka akampata, akamrudisha kwao. Alitaka iwe zawadi. Watoto wa tope walipotokea hakushtuka hata kidogo. Gari hulipulizi rangi juu ya bati tupu. Kwanza praima, ya kijivu au kahawia, mbaya kuitazama, halafu rangi yenyewe inakuja juu yake.

"Nikasema nisikuambie," alimaliza. "Nisubiri itoke, uamke asubuhi moja uione mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Dobi, aliyeshinda kutwa akipekua mifuko ya nguo za watu, hakuwa amepekua za kwake.

"Nilikuuliza," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na mumewe, aliyemzoea akifoka, ndipo alipoogopa. "Nilikuuliza hapo hapo ulipokaa. Dada yako anaweza? Ukasema nini?"

"Nilisema huenda."

"Huenda."

"Sikusema ndiyo. Nilikuwa nalinda zawadi tu, mke wangu, sikujua kama ungekwenda..."

"Dume ulimtia kwa mkono wako, kwa kijiko changu. Ulijua. Ukaniona namtwika dada yako mzigo wako, dada wa tumbo moja, ukasema huenda. Halafu ukaniomba chumvi. Nami nikakupa."

Alitaka kumpiga kwa taulo, na taulo ilikuwa mkononi. Aliikamua ingawa ilikuwa kavu, mpaka viganja vikawaka. Kosa la kijiko angeweza kulimeza siku moja, lilikuwa la kijinga na wajinga wana nafasi yao peponi. Neno lile lilikuwa jambo jingine. Lakini chini ya hasira yake kwa mumewe alisikia nyingine inamtambaa, mbaya zaidi kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Mumewe alichafua tangi moja. Wale safi, wa mwisho waliobaki chini ya jua, mwagaji alikuwa yeye, kwa mikono yake miwili, mbele ya mashahidi.

Kesho yake asubuhi alikuwa saluni kabla haijafunguliwa, na ndoo ya buluu mkononi. Msusi alikuwa anafagia. Dobi alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni: kijiko, zambarau, praima. Msusi hakucheka hata pale ambapo mtu mwingine angecheka.

"Kaka yangu alijua?"

"Alijua."

"Na ulipomuuliza?"

Dobi akamwambia. Msusi alisimamisha ufagio.

"Nisamehe, wifi," Dobi alisema. Halafu, kwa kuwa hasira haimwachi mtu kwa siku moja, akaongeza, "Lakini wewe ulijua ni safi. Ulinitazama nikiwamwaga. Ungenishika mkono."

"Nilijua. Nikasema, acha amwage." Msusi alianza kufagia tena. "Umeniita mwongo, nikushike mkono? Ya uduvi mimi sina neno. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ya jina langu ndiyo ninayo. Jana wateja wawili walisema watarudi siku nyingine, na mimi najua siku nyingine ni lini. Uliniita mwongo saluni imejaa, unaniomba radhi saluni tupu. Njoo Jumamosi, watu wakijaa. Na sauti uje nayo ile ile. Na huyo kaka yangu umlete."

Jumamosi palikuwa hapana pa kukanyaga. Yule mama mnene alikuwepo tena, safari hii si kwa kusukwa; habari ilikuwa imetembea. Dobi alisimama katikati, akavuta pumzi, akaipandisha sauti yake ya kwenye mashine.

"Siku ile nilimwita wifi yangu mwongo. Mwongo sikuwa nimemjua, alikuwa kwangu. Nyavu ni mbili. Amana yangu ilikuwa safi na aliitunza vizuri kuliko mimi ninavyotunza vya kwangu. Nilikosa, na nilikosa kwa kelele, kwa hiyo nasema kwa kelele."

Mama mnene alitikisa kichwa kwa huruma. "Hasira hasara, mwanangu," alisema, na Dobi akatamani kumfungia mashine ya kukausha kichwani.

Halafu mumewe. Alianza na kijiko, na benchi likaanza kutikisika. Alipofika kwenye praima, mmoja alishuka chini kabisa, akakaa sakafuni, akafuta machozi. Kabla hajamaliza alikuwa ameshapewa jina, Zambarau, na jina hilo anakwenda nalo kaburini. Yeye mwenyewe alitabasamu kidogo, maana alikuwa mtu wa kucheka, akadhani mambo yanaelekea kwisha.

Msusi hakucheka. Alingoja kicheko kiishe.

"Kaka. Wifi alipokuuliza kama ni mimi, ulisema nini?"

Tabasamu likamtoka. "Nilisema huenda."

"Huenda," msusi alirudia. "Umenijua tangu siku niliyozaliwa. Ulinibeba mgongoni. Ukaulizwa juu yangu, na ulijua jibu, ukasema huenda. Wifi alinitukana kwa hasira, hasira naielewa. Wewe ulikuwa umekaa unakula."

Zambarau alitazama viatu vyake.

Msusi aliingia chumba cha nyuma, akatoka na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaiweka kwenye meza ya vioo. Ndani, juu ya kijani kidogo, alikuwa ametulia uduvi mmoja, mwekundu hadi miguuni, hadi masharubu, anadonoa kama asiye na habari.

"Ulipotoka siku ile nilitia mkono kwenye tangi la samaki. Alikuwa amejificha nyuma ya sponji. Nimetafuta siku tatu, hakuna mwingine."

Dobi akasogea. Aliinama, akatazama ubavu, akatazama tumbo jembamba lisilo na nafasi ya mayai. "Dume," alisema.

"Dume."

Dume mmoja safi, na huko nyumbani majike wote wa mashaka, mama wamechangamana na binti waliokwisha kuwafikia kimo. Ilikuwa mbegu, lakini si ya kutosha. Ingebidi ampe jike mmoja, angoje watoto, awachambue. Amrudishie dume yule binti aliyekolea, angoje, achambue tena. Na kila kizazi kuwinda tope lililojificha, kwa miaka mingine kama ile aliyoipoteza, kama dume mwenyewe ataishi kuona hata mwanzo wake. Dobi alinyoosha mkono kuichukua chupa.

Msusi aliisogeza kwake.

"Huyu haendi. Kwako kuna mtu anachanganya, na kuna mtu anamwaga. Amana inakaa ilikotunzwa. Wewe leta majike hapa, mmoja mmoja, na watoto nitawachambua mimi."

Hasira ilimpanda Dobi ile ile ya siku ya kwanza, kutoka miguuni. Miaka sita. Kigoda chake, tochi yake, jicho lake. Nani atamchagulia nani abaki? Midomo ilifunguka, na saluni nzima ilikuwa inaitazama midomo ile. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kama siku ile. Safari hii aligeuza shingo. Kwenye kamba ya kuanikia ulining'inia wavu mmoja, mpini wake umefungwa uzi mwekundu.

"Sawa, wifi," alisema.

Alitembea kurudi nyumbani mbele, Zambarau nyuma yake. Walipofika Dobi alivuta kigoda, akawasha tochi, akaanza kutafuta jike wa kupeleka. Wote walikuwa wekundu. Wote walikuwa wazuri, na yeyote kati yao angeweza kuwa anamdanganya. Alimtoa mmoja, akamrudisha. Akatoa mwingine. Jicho lake, lililotenga wekundu na weupe tangu utotoni, halikumwambia kitu.

Kisha akatoka kibarazani, akalibeba beseni la plastiki walimohamia watoto wote wa tope, akaliingiza ndani, akaliweka kitako mezani, mahali ambapo mumewe huweka sahani yake.

"Hawa ni wako," alimwambia. "Chakula chao wewe. Maji yao wewe, na uyalaze siku nzima kabla ya kuwatilia. Kila jioni utakaa hapa na tochi, uwatazame mmoja mmoja, mpaka zambarau itoke."

Mumewe alilitazama beseni. Uduvi wa tope walikuwa wakitembea chini ya maji, wengi, wana afya, hawana haraka. Dobi alipakua chakula, akasukuma sahani ya mumewe pembeni ya beseni palipobaki nafasi, akakaa kula.

"Na isipotoka?" mumewe aliuliza. "Inaweza kutoka kweli?"

"Huenda," alisema Dobi, akaomba chumvi.